Tundu la Kushoto

"Usizifungue," alisema Njuguna. "Nguo ziache hivyo hivyo zilivyokunjwa."

Aliyasema hayo huku akitabasamu, ameegemea meza ya kukatia nguo katika karakana ya Laoban Liang, na ni tabasamu hilo lililomtia Abdulsalam wasiwasi. Mtu akikukataza kitu kwa ukali, unajua anakilinda. Akikukataza kwa kutabasamu, unabaki kujiuliza anaficha nini.

"Kwa nini nisizifungue? Kazi yangu ni kufungua."

"Sampuli si ulishaiona?"

"Niliona picha ya sampuli. Kwenye simu yako."

"Basi ni hiyo hiyo, buda. Nilikuja kuzikagua mwenyewe jana."

"Jana Ijumaa?"

"Jana mchana, ulipokuwa msikitini."

Kisha Njuguna akamgeukia Liang, mwenye karakana, ambaye wao kama kila mtu sokoni walimwita laoban, yaani bosi. Akamwambia maneno ya Kichina, mengi na ya haraka. Liang akamtazama Abdulsalam kuanzia kiunoni mpaka miguuni, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Njuguna naye akacheka. Abdulsalam, ambaye Kichina chake kilikuwa cha kuuliza bei na kusema sitaki, alisimama katikati ya kicheko chao kama mtu aliyeingia matangani asijue aliyekufa ni nani.

Alikuwa mtu wa Unguja, wa Mkunazini, mfupi na mnene wa kiuno, na katika mitaa ya Xiaobei, huku Guangzhou, China, alijulikana kwa jicho lake. Wafanyabiashara wa Dar na Zanzibar walimtegemea awakagulie mali kabla haijapanda meli. Jicho hilo hakuzaliwa nalo. Mwaka wake wa kwanza Guangzhou alipakia shehena ya miavuli iliyofunguka vizuri kabisa na kukataa kufunga, na jina lake likasemwa vibaya kutoka Darajani mpaka Kariakoo. Tangu hapo aliapa hatanunua tena mbuzi kwenye gunia.

Njuguna alikuwa kijana wa Limuru, mrefu, mwepesi wa ulimi, aliyekuja China kusomea lugha akaishia kwenye biashara. Mzigo huu ulikuwa unakwenda kwao Limuru: kilti, zile sketi za kiume za Waskoti zenye mirabaraba, wanazovaa wapiga zumari za mfuko. Bendi ya vijana ya kanisa lao ilikuwa imeurithi mtindo huo tangu enzi za wamisheni, na kilti za zamani zilikuwa zimeliwa na nondo. Ndiyo kazi ya kwanza ambayo Njuguna na Abdulsalam waliifanya kwa ubia, na juu ya kazi hiyo kulining'inia jambo kubwa zaidi.

Jambo lenyewe lilikuwa chumba. Bimkubwa, mwanamke wa Kizanzibari mwenye kampuni ya kusafirisha mizigo katika jengo la Tianxiu, alikuwa na chumba kitupu kando ya ofisi yake. Watu wengi walikitolea macho. Yeye aliwaahidi hawa wawili, lakini kwa sharti. "Majina yenu yatakuwa mlangoni yote mawili," aliwaambia, "na kosa la mmoja litakuwa la wote. Kwa hiyo siku kilti hizo zitakapopakiwa, nataka kila mmoja aniambie, mbele ya mwenzake, kwamba anamwamini. Sitaki ya kunong'onezwa. Mkishasema, ufunguo huu hapa."

Abdulsalam alikuwa ameshaandaa jibu lake kwa furaha. Sasa, akishuka ngazi za karakana kuelekea barabara ya Guangyuan Xilu, nyuma ya wachukuzi waliokuwa wakiburuta marobota kwenye mikokoteni, hakuwa na hakika nalo tena.

Kama Ijumaa ina nafasi yake, Jumapili nayo inayo. Njuguna alipokwenda kanisani, Abdulsalam aliingia kwenye ghala dogo la Bimkubwa nyuma ya Tianxiu, akajifungia, akakata kamba ya robota la kwanza.

Kitu cha kwanza alichokiona ni uzi. Uzi mweupe, mrefu, uliopigwa bandi ovyo ovyo juu ya marinda yote, kama kazi ya mtoto anayejifunza kushona. Akakunja uso. Nguo nyekundu na kijani, uzi mweupe! Akatoa mkasi akaukata, akauvuta wote, na marinda yaliyokuwa yamelala sawasawa yakaanza kufumbuka moja moja.

"Ahaa," alisema peke yake. "Uzi ulikuwa unazuia tusione."

Akaamua kuivaa. Katika hili hakuwa na shaka hata chembe, kwa sababu tangu atoke jandoni usiku wa Abdulsalam ulikuwa wa msuli, na mtu wa Unguja hafundishwi kujifunga kitambaa kiunoni. Msuli una kanuni zake: nyuma pawe tambarare, mikunjo ije mbele, na kiuno kikae chini ya kitumbo ili mtu apate kupumua. Hivyo ndivyo alivyoivaa ile kilti, juu ya suruali yake. Marinda akayaweka mbele. Sehemu bapa akaziacha zipandane matakoni. Kiuno akakishusha chini ya kitovu, mahali pake pa siku zote.

Mikanda ikamshinda. Ilikuwa ya ngozi, mitatu, yenye mabizimu ya chuma, na yote ilikuwa imeangukia nyuma ambako mkono haufiki bila bega kulalamika. Miwili aliifunga kwa kupapasa, akizunguka zunguka kama mbwa anayefukuza mkia. Wa tatu ulibaki ndani, haukuwa na pa kwenda, ukawa unamchoma pajani kila anapovuta hatua. Alipojaribu kuketi juu ya robota, marinda yakasimama mbele yake kama feni iliyofunguliwa.

Akapitisha vidole kiunoni kutafuta penye tatizo. Hapo kidole cha shahada kikazama.

Palikuwa na tundu. Ubavuni, katikati ya mshipi wa kiuno, mpasuko wa wima uliopita kitambaa chote mpaka upande wa pili. Akavuta kilti ya pili kutoka kwenye robota, akapapasa. Tundu. Ya tatu, tundu, mahali pale pale. Alikwenda mpaka chini kabisa ya robota, na kila kilti ilikuwa na jeraha lake.

Basi yote yakajipanga kichwani mwake kwa mpigo. Hizi zilikuwa sketi za shule za wasichana, zilizokatwa vibaya na mashine, zikakataliwa na aliyeziagiza, zikabaki stoo. Ndiyo maana zinafungiwa nyuma kama gauni. Ndiyo maana ule mkanda wa tatu hauna kazi. Laoban Liang alitafuta mjinga wa kumbambikia, akampata Njuguna. Au hakumpata Njuguna mjinga. Alimpata mshirika. Ijumaa, peke yake. Usizifungue. Kile kicheko.

Mlango ulifunguliwa. Bimkubwa hakubisha hodi kwenye ghala lake mwenyewe.

"Abdulsalam! Mbona umevaa kama mcheza lelemama?"

"Shikamoo, mama. Nakagua mzigo."

"Marahaba. Unakagua kwa kuucheza?"

"Mama, nakuomba. Nimefunga mikanda, sasa siifikii."

"Geuka." Bimkubwa akaweka mkoba wake chini, akafungua mabizimu kwa mkono mmoja. "Mjukuu wangu nilikuwa namfungua hivi hivi akitoka shule. Naye alikuwa halii kama wewe."

"Umeona mwenyewe, mama! Nguo ya msichana wa shule!"

Akamwonyesha tundu. Bimkubwa akaingiza kidole, akalitazama kwa mwanga wa mlango, akarudisha nguo.

"Umemwuliza mwenzako?"

"Nimwulize apate muda wa kujiandaa?"

"Mimi sijui kilti," alisema Bimkubwa. "Sijawahi kuishika kabla ya leo. Lakini yule umekula naye mwaka mzima. Muulize."

"Nitamuuliza mbele yako, mama. Siku ya ufunguo."

Bimkubwa akaokota mkoba wake, akatoka.

Jioni hiyo Abdulsalam na Njuguna walikula pamoja tambi za nyama ya kondoo kwenye mkahawa wa Waislamu pale Xiaobei, kama kawaida yao. Njuguna alikuwa na furaha. Alisimulia jinsi alivyokuwa mpiga ngoma katika bendi ile ile alipokuwa mdogo, jinsi kilti yake ilivyowahi kumwanguka katikati ya maandamano, na bibi mmoja akamfunika kwa kanga yake.

"Mbele ya watu?" aliuliza Abdulsalam.

"Mbele ya watu, mbele ya mchungaji, mbele ya msichana niliyekuwa nampenda. Mimi nikaendelea kupiga ngoma, manze. Ningefanya nini?"

Abdulsalam hakucheka. Alisikia tu mtu anayejua vizuri mno mambo ya sketi. Simu ya Njuguna ikalia, alikuwa Liang. Wakazungumza Kichina, na Njuguna akawa anaingiza na kuchomoa kidole cha shahada katika ngumi ya mkono wa pili, kama anayemweleza jambo mtu asiyemwona. Alipokata simu akauliza, "Vipi, kitambaa umekionaje?"

"Sijafungua," alisema Abdulsalam. "Si ulinikataza?"

"Safi. Kesho twende wote bandarini Huangpu, tukamalize karatasi na wakala."

"Tumbo linanisumbua. Nenda wewe."

"Tambi hizi?"

"Huenda."

Ulikuwa uongo wa pili kumwambia rafiki yake jioni ile, na ulitoka kirahisi hata akajiogopa. Kisha akajiambia kwamba si uongo kumdanganya anayekudanganya.

Jumatatu, Njuguna alipoondoka kwenda Huangpu, Abdulsalam alimleta Felisia ghalani. Felisia alikuwa fundi cherehani kutoka Bukoba, mwenye kibanda cha kurekebisha nguo ghorofa ya chini ya Tianxiu, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake.

Abdulsalam alikuwa na mpango. Kuukataa mzigo hakuwezekani. Kontena linafungwa kesho, na bendi ile haikumkosea. Vijana wa watu hawawezi kuandamana na nguo zilizotoboka. Basi matundu yazibwe yote, kwa uzi wa rangi ile ile, mzigo uende kwa heshima. Kilti moja tu ataibakiza na tundu lake, ile aliyoifungua mwanzo, aiweke kwenye mkoba. Hiyo ndiyo ataitoa mbele ya Bimkubwa atakapoulizwa kama anamwamini Njuguna.

Felisia alishika kilti ya kwanza, akageuza mshipi, akasita.

"Kaka, hili tundu lina pindo."

"Najua."

"Limeshonwa ukingo kote. Tena mara mbili. Mtu aliyekata kwa bahati mbaya hashoni pindo."

"Ndiyo ujue mwizi huyu ana akili. Ametoboa, halafu akapamba."

"Mwizi gani anapamba?"

"Felisia, dada yangu, nimekuita kushona au kunihukumu?"

"Mimi nashona. Ila nikikuta shimo kwenye suruali ya mtu, huwa nauliza kwanza kama ndiyo mfuko."

"Ziba."

Akaziba. Alikaa juu ya robota tangu asubuhi mpaka alasiri, akichoma na kuvuta, akiimba tenzi za kwao kwa sauti ya chini, na kila alipomaliza moja alimtupia Abdulsalam bila kumtazama. Alishona vizuri. Ukipitisha kidole hukuti kitu.

Jumanne lori lilikuwa lije alasiri. Kabla yake, Njuguna alikuwa amepanga kuzungumza kwa simu ya video na Mwalimu Erastus, kiongozi wa bendi huko Limuru, ili mwalimu aone nguo ikiwa mwilini. Bimkubwa alishuka na kiti chake akakaa mlangoni mwa ghala, ufunguo mkononi. Felisia naye alikuja, akasema amefuata mkasi wake. Mkasi aliuona mara moja, lakini hakuondoka.

Njuguna akachomoa kilti moja kutoka robota la juu. Abdulsalam akasimama karibu na mkoba wake.

Kwanza Njuguna akakata ule uzi mweupe, taratibu, huku akishikilia marinda yasifumbuke. "Uzi huu wa bandi ni wa safari," alimwambia Bimkubwa. "Ndani ya kontena kuna joto na unyevu, marinda yanavurugika. Ndiyo maana sikutaka zifunguliwe hapa." Kisha akaipitisha kilti nyuma yake, marinda mgongoni, akaipandisha juu mpaka kitovuni. Upande wa kulia akauleta mbele hadi ubavu wa kushoto. Kisha mkono wake ukaanza kutafuta.

Ulitafuta kama mtu anayetafuta swichi ya taa nyumbani kwake mwenyewe. Kidole kilipita pale kilipozoea, kikarudi, kikapita tena. Ule mkanda wa tatu, usio na kazi, ulining'inia katika vidole vya mkono wa pili ukingoja.

"Liko wapi tundu?" alisema Njuguna.

Abdulsalam akaushika mkoba wake.

Njuguna akavua, akageuza mshipi, akaona mshono. Akachukua kilti nyingine. Na nyingine.

"Liang!" alisema. "Liang ameziba! Yule mtu ameniharibia mzigo. Nimekwenda pale kwa miguu yangu, nimemwelekeza, nimemwambia mara ngapi! Mkanda wa ndani utapita wapi? Upande wa ndani utashikwa na nini? Wakipiga hatua ya kwanza tu zinawaanguka!" Alikuwa ameshatoa simu, na maneno ya Kichina yakaanza kumwagika, makali, hayana hata kituo. Upande wa pili sauti ya Liang ilisikika ikipanda, ikikana, ikiapa.

Pale palikuwa na mlango wazi kwa Abdulsalam, na yeye aliuona. Liang hana wa kumtetea. Kiwanda kimekosea, viwanda hukosea. Angenyamaza tu, jioni ile jina lake lingekuwa mlangoni kando ya la Njuguna. Akamtazama Felisia, aliyekuwa anamtazama yeye. Akamtazama Bimkubwa, aliyekuwa anatazama ufunguo. Ilikuwa ni kiburi, huenda, kilichomwinua. Hakuweza kustahimili Mchina yule abebe kazi ya mkono wake, na yeye asimame hapo kama mwizi aliyemsingizia mwingine.

Akafungua mkoba, akatoa kilti yenye tundu.

"Mwache Liang," alisema. "Ni mimi."

Njuguna akashusha simu taratibu. Sauti ya Liang iliendelea kulalamika mkononi mwake, kisha ikakatika.

"Ni wewe nini?"

"Nimeyaziba mimi. Nilidhani ni matundu ya kasoro. Nilidhani umekula njama naye."

"Ulifungua mzigo."

"Jumapili."

"Nikiwa kanisani."

"Na wewe ulikwenda Ijumaa, nikiwa msikitini!" Abdulsalam alisema kwa sauti iliyopanda bila kutaka. "Nilikuuliza kwa nini nisifungue. Hukunijibu. Mlicheka!"

"Uliniuliza kama askari wa forodha. Na tulicheka kwa sababu Liang alisema kilti ingependeza kwako kuliko kwangu, una kiuno cha kuishika."

Simu ikalia mkononi mwa Njuguna: Mwalimu Erastus.

Njuguna akaitazama ikilia. Kisha akavuta pumzi, akamnyooshea Abdulsalam kidole. "Hiyo yako ndiyo pekee iliyo nzima. Vaa. Nitashika simu."

"Mimi?"

"Vaa, bwana. Mwalimu anangoja."

Akabonyeza, na uso wa mzee mwenye miwani ukajaa kwenye kioo, nyuma yake jua la asubuhi la Limuru. Njuguna akasalimia kwa sauti ya furaha kabisa, sauti ambayo kila aliyekuwamo ghalani alijua ameiazima.

"Mwalimu, huyu ni Abdulsalam, mwenzangu. Atakuonyesha inavyovaliwa. Salam, ishike ncha zote mbili, ipitishe nyuma. Marinda yakae nyuma."

Abdulsalam akafanya.

"Pandisha. Zaidi. Kitovuni kabisa, hii si msuli. Eeh. Sasa upande ulio mkono wa kulia, ulete mbele mpaka ubavu wa kushoto. Huo mkanda, upitishe kwenye tundu kutoka ndani."

Abdulsalam akausukuma mkanda. Ukapenya. Ulitokea nje ubavuni na kukutana na bizimu lililokuwa likiungoja hapo hapo, umbali wa kidole. Kilti ikamkaa mwilini kama mkono wa mtu aliyemshika kwa upole.

"Pumua kwanza, ndipo ukaze," alisema Njuguna. "Ukikaza kabla hujapumua, utajuta. Sasa huu wa kushoto uje juu, mpaka kulia. Mikanda miwili. Matamvua yabaki upande huo. Tembea. Geuka. Sasa keti, lakini fagia marinda kwa mkono kwanza."

Alifagia, akaketi. Hakuna kilichosimama, hakuna kilichomchoma.

"Anapendeza!" alisema Mwalimu Erastus kwenye simu. "Na lile tundu, Njuguna? Zile za zamani zilikuwa zinachanikia hapo. Vijana wanavua kwa pupa."

"Nililishughulikia, Mwalimu. Nilirudi Ijumaa peke yangu, nikahakikisha yamepigwa pindo mara mbili yote."

"Ubarikiwe. Umepata mshirika mzuri pia, naona. Mtulivu."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Njuguna, akaaga, akakata.

Felisia akakaa juu ya robota, akafungua mkasi wake. "Haya. Kilichozibwa kinazibuka. Leteni hapa."

Wakafumua wote, hata Bimkubwa, ambaye alivaa miwani na kukata nyuzi huku amenuna. Abdulsalam hakukumbuka kuvua. Alifanya kazi akiwa na kilti yake mwilini.

"Njuguna," alisema mwishowe. "Nisamehe."

"Nyuzi zinafumuka, Salam. Sina ugomvi na nyuzi." Njuguna hakuinua macho. "Jumapili ulikula na mimi. Nilikuhadithia mpaka habari za bibi na kanga yake. Tundu lilikuwa kichwani mwako wakati wote, ukanitazama mdomoni, ukaniambia hujafungua. Hilo ndilo sijui nilipitishe wapi."

Bimkubwa akavua miwani. "Mimi niliahidi kuuliza, nauliza. Abdulsalam, unamwamini mwenzako?"

"Namwamini, mama. Mbele yake."

"Njuguna?"

Njuguna akavuta uzi wa mwisho, akaupuliza kutoka kwenye kidole. "Tupakie kwanza, mama. Lori limefika."

Lilikuwa limefika kweli, uani, injini ikinguruma. Wakatoa marobota moja moja, Abdulsalam akishika upande huu, Njuguna upande ule, hatua zao zikilingana kwa mazoea ya mwaka mzima wa kusaidiana mizigo. Wachukuzi waliokuwa wakipumzika ukutani walipomwona mtu mnene katika kilti wakapiga miluzi, wakatoa simu wapige picha. Hakuwajali. Robota la mwisho lilipopanda, Njuguna alisimama nyuma ya lori, akanyoosha mkono.

"Na hiyo."

Abdulsalam akaelewa. Akasimama pale pale uani, suruali ikiwa ndani, akaanza kuvua. Hakuwa na wa kumwambia aanze wapi, lakini mwili ulikuwa umeshajua. Mikanda ya kulia kwanza, huku kiganja kikishikilia upande wa juu usianguke. Kisha ule wa kushoto, alioulegeza na kuurudisha kwenye tundu, ukateleza ndani bila kukwama popote. Kilti ikamwachia kiuno kwa urahisi, yote kwa pamoja. Akaikunja marinda juu ya marinda, kwa uangalifu ambao hajawahi kuutoa kwa nguo yoyote, akaiweka mikononi mwa Njuguna.

Njuguna akaitazama ilivyokunjwa. Akaweka marinda mawili sawa kwa kidole gumba.

"Vizuri," alisema.

Akaifunga, akaichomeka kwenye robota, akaenda mbele kwenye kichwa cha gari. Dereva, aliyekuwa amewazoea, aliwaangalia kwenye kioo cha pembeni, akatoa mkono dirishani na kuinua vidole viwili kuuliza kama ni wale wale, wote wawili mpaka Huangpu.

Abdulsalam alikuwa ameshapiga hatua.

Njuguna, mguu mmoja juu ya ngazi ya lori, akainua kidole kimoja.